Mama Jalada na Kikombe cha Saa Kumi na Moja

Muuguzi alikuwa na karatasi ya maswali kumi na mawili, na aliyasoma kwa haraka ya mtu ambaye bado ana wagonjwa arobaini kwenye benchi. Umri? Uzito? Una kisukari? Una presha? Umewahi kupasuliwa? Mama Jalada alijibu moja baada ya jingine, mgongo wima, mkoba juu ya magoti, mikono yake yenye vifundo vilivyovimba ameificha chini ya mtandio.

"Unakunywa pombe?"

Kabla hajafungua kinywa, mkwewe, mke wa mwanawe, aliyekaa pembeni yake aliangua kicheko.

"Dada yangu, hilo liruke. Huyu mama hata dawa ya kikohozi anasoma kwanza kilichomo. Kwetu chupa ikipita barabarani inainamisha kichwa."

Muuguzi naye akacheka, akatia alama kwenye "Hapana" na kuendelea na swali la nane. Mama Jalada hakusema neno. Hakuwa amedanganya, alijiambia. Alinyamaza tu, na mtu aliyenyamaza hajasema uongo. Hata hivyo, jioni iliyotangulia, saa kumi na moja kamili, alikuwa amekunywa kikombe cha mvinyo mwekundu, kama alivyokunywa kila jioni kwa miezi mitano.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye vyeti vyake, na vyeti vilikuwa vingi. Mtaani waliishia kumwita Mama Jalada, kwa kuwa kwa miaka thelathini na miwili kazi yake ilikuwa kushona na kujalidi vitabu: vitabu vya mahakama, vya shule, vya watu waliotaka barua za wazazi wao zikae pamoja. Marehemu mumewe alikuwa mkaguzi wa shule. Alimwachia nyumba ya vyumba vinne, kabati la vitabu na sifa. Marehemu alipenda kusema kwamba jina jema hung'aa gizani, na mkewe aliongeza kimoyomoyo: mradi awepo mtu wa kulifuta vumbi. Mtu huyo alikuwa yeye.

Na alilifuta kweli. Siku ya harusi ya mwanawe wa pekee, baba wa bibi harusi, dereva wa malori na mtu wa kucheka, alifika na makreti sita ya bia nyuma ya gari lake. Mama Jalada alimpokea getini, akamwamkia kwa adabu zote, kisha akasema kwa sauti iliyowafikia wageni waliokuwa uani, "Mkwe, wewe karibu sana. Hayo makreti yarudi yalikotoka." Yule baba aliyatazama makreti, akamtazama yeye, akaingia garini. Harusi ya binti yake ilimalizika bila yeye, na tangu siku ile hakuikanyaga tena nyumba hiyo. Bibi harusi, aliyeyaona yote kupitia dirishani, ndiye sasa aliyekaa naye kwenye benchi la hospitali, akimshikia kadi ya kliniki.

Mbele ya huyo, Mama Jalada angesema nini?

Ugonjwa ulimwanza kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kwanza ni ugumu wa asubuhi kwenye vidole, wa kuondoka baada ya chai. Kisha ukawa hauondoki hadi saa nne. Kisha pete ya ndoa ikakatwa kwa msumeno mdogo wa sonara, huku yeye akitazama pembeni. Hospitalini walimwambia ni baridi yabisi, ile ambayo mwili unavishambulia viungo vyake wenyewe. Wakampa vidonge vya kumeza mara moja tu kwa wiki. Daktari, mwanamke mfupi aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, alimwonya mapema.

"Mama, dawa hii haina haraka. Utaimeza wiki sita, nane, hata kumi na mbili kabla hujaona kitu. Usikate tamaa. Na kila mwezi tutapima damu, kwa sababu inapita kwenye ini."

Wiki hiyohiyo Mzee Wino akaja na dawa yake. Mzee Wino alikuwa mpiga chapa wa chumba kilichopakana na karakana yake ya vitabu, mwenye kucha nyeusi tangu ujana na maoni juu ya kila jambo. Alimkuta Mama Jalada akijaribu kutia uzi kwenye sindano, machozi yakimlengalenga.

"Wewe mama, unateseka bure," alisema. "Kikombe kidogo cha mvinyo jioni. Kidogo! Kinalegeza viungo. Nitazame mimi, miaka sitini na sita, vidole kama vya mpiga kinanda."

"Bwana Wino, hunijui?"

"Nakujua. Ndiyo maana nitakuletea nimeifunga kwenye karatasi za chapa, na hakuna mtu duniani anayefungua karatasi za chapa."

Alikataa siku tatu. Siku ya nne mkono ulikuwa umefunga kama ngumi. Alikunywa kwa kile kikombe cha plastiki kinachokuja juu ya chupa ya dawa ya kikohozi, macho ameyafumba, kama mtu anayemeza mafuta ya nyonyo. Hakuona tofauti. Aliendelea. Kufikia mwezi wa tatu vidole vilikuwa vimefunguka. Alitia uzi mara ya kwanza bila kukosea, na akashona kitabu cha kurasa mia nne kwa siku mbili. Vitu viwili vilikuwa vimeingia mwilini mwake ndani ya wiki moja, na yeye, mwanamke aliyesoma, aliyefundisha wengine kutosema jambo bila ushahidi, alikipa sifa kimoja. Vidonge vilikuwa vya kila Jumatatu, visivyo na ladha. Mvinyo ulipasha kifua moto na kumpa usingizi. Alishukuru mvinyo.

Kikombe cha plastiki kikawa kikombe cha kahawa, na cha kahawa kikawa cha chai. Lakini kilikuwa kikombe kimoja, na kila alipojihoji alijijibu hivyo: kimoja tu.

Siku ile ya muuguzi mwenye haraka, daktari aliinua karatasi ya majibu ya damu, akavaa miwani, akaivua.

"Ini lako linalalamika, Mama. Mwezi uliopita lilinung'unika, leo linapiga kelele." Akageuza ukurasa wa jalada la mgonjwa. "Hapa wameandika hunywi pombe. Hata kidogo? Hata kwenye sherehe?"

"Daktari," mkwewe aliingilia, "unamuuliza samaki kama anapanda miti?"

Daktari hakucheka. Alikuwa akimtazama Mama Jalada.

"Hapana," alisema Mama Jalada.

Sasa alikuwa ameutamka uongo wenyewe.

"Basi ni vidonge," daktari alisema, na hakuonyesha kufurahi. "Tutavisimamisha wiki sita ini lipumzike. Vidole vikianza kuuma sana, njoo kabla ya siku."

Njiani kurudi, mkwewe alisikitika, yeye akamfariji. Ukweli ni kwamba alikuwa na nafuu ya moyo. Walichomnyang'anya ni kile kisichokuwa na kazi. Chenye kazi kilikuwa nyumbani, kimefungwa kwenye karatasi za chapa. Maktaba ya chuo ilikuwa imempa vitabu sitini vya zamani avishone upya kabla ya muhula mpya, na kwa hesabu yake vidole vingetosha.

Wiki mbili vilitosha. Wiki ya tatu aliamka na gumba la kulia limevimba. Aliongeza kikombe cha pili. Wiki ya nne alikuwa akifungua mlango wa karakana kwa kiwiko. Kisu cha kukatia ngozi kilimponyoka, kikajisimika kwenye ubao wa sakafu, inchi moja kutoka kwenye kiatu chake. Hakumwambia mtu. Mkwewe alipopita kumletea chakula alimkuta amekaa mbele ya kibano cha kubania vitabu, mikono mapajani, kana kwamba anapumzika.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Sahani ya jana ile pale, imefunikwa."

"Basi nitakula."

"Vidole vinauma? Daktari alisema twende kabla ya siku."

"Siku yangu imeandikwa kwenye kadi. Sijawahi kwenda mahali bila kuitwa, sitaanza leo."

Mkwewe alichukua sahani ya jana, akaondoka bila kubishana. Ukimya ule ulimwuma Mama Jalada kuliko maneno.

Wiki ya tano ilitokea aibu aliyokuwa hajawahi kuiona. Alikuwa amemaliza kitabu cha thelathini na tisa, gundi imekauka, jalada limekaa sawasawa. Alipokifungua kukikagua, kurasa kumi na sita za katikati zilimtazama zikiwa zimepinduliwa, herufi vichwa chini miguu juu. Vidole havikuwa vimehisi ukingo wa karatasi, na macho, yaliyokuwa yakipambana na sindano, hayakuona. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mzee Wino, aliyekuja kuazima rula, alilikuta wazi juu ya meza.

"Loo! Hiki kitabu kinasomwa na popo?"

Alipoiona mikono ya Mama Jalada, mzaha ukamwishia mdomoni.

"Uliniambia kinalegeza," Mama Jalada alisema.

"Mimi kinanilegeza."

"Wewe hukuwahi kuumwa viungo."

"Sasa si ndiyo nakwambia? Nakunywa, siumwi."

"Kwenu hakuna mwenye ugonjwa huu?"

"Yupo kaka yangu, yule fundi seremala. Mikono yake mibaya kuliko yako."

"Naye anakunywa?"

"Kaka? Alikuwa bingwa! Aliacha siku alipoanza kuumwa. Atainua glasi kwa mkono gani? Tena madawa anayomeza yanamkorofisha tumbo, pombe haimkai." Mzee Wino akasimama na rula mkononi, asijue amesema nini kikubwa.

Mama Jalada alijua. Aliketi polepole. Wazima wanakunywa kwa sababu ni wazima. Walio hoi wameacha kwa sababu ni wagonjwa. Ukiwapanga mstari, wenye glasi upande huu na wasio nazo upande ule, utaapa kwamba glasi ndiyo iliyotibu. Ni mantiki ambayo angemkosoa nayo mtoto wa darasa la saba, naye amelala nayo kitanda kimoja miezi sita. Kilichofungua vidole vyake ni vile vidonge vya Jumatatu. Na vidonge vilikuwa vimesimamishwa kwa neno lake moja.

"Bwana Wino," alisema, "rula chukua. Karatasi za chapa usilete tena."

Kuacha mvinyo lilikuwa jambo la siku hiyo hiyo. Kusema lilikuwa jambo jingine. Alipanga: atanyamaza, damu itapimwa, ini litakuwa limetulia, vidonge vitarudi, na hakuna atakayejua. Lakini siku ya kliniki ilikuwa imebakiza siku nne tu, na ini halipangiwi na mtu.

Safari hii daktari hakuanza na salamu ndefu. Karatasi ilikuwa mezani, na kuna tarakimu iliyozungushiwa wino mwekundu.

"Imepanda," alisema. "Vidonge hujameza wiki sita, na ini limezidi kuharibika. Kwa hiyo si vidonge peke yake. Kuna kitu kingine, na sikioni." Akavuta fomu ya rangi ya samawati. "Nakuandikia hospitali kubwa. Watapitisha sindano hapa ubavuni, wachukue kipande kidogo cha ini wakitazame. Si jambo dogo, sitakudanganya. Kuna wanaotoka damu. Na dawa ile, Mama, naogopa tuiage. Sitaweza kuirudisha kwa ini nisilolielewa."

"Tuiage?" Mama Jalada aliuliza. "Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Tutatafuta nyingine. Haitafanya kazi kama ile."

Aliitazama mikono yake juu ya mtandio. Hakuwa na umri wa kujifunza kazi nyingine, wala hakuitaka. Kando yake mkwewe alikuwa ameanza kulia bila sauti, kitambaa mdomoni.

"Watamtoboa mtu aliyeishi safi maisha yake yote," mkwewe alisema. "Daktari, pima tena. Huenda ni damu ya mtu mwingine. Wanaokunywa ndio wa kutobolewa maini, si huyu. Huyu..."

"Mwanangu," Mama Jalada alisema. "Usinijibie."

Kalamu ya daktari ilisimama juu ya fomu. Mlango ulikuwa umefungwa nusu. Nje mtu aliitwa kwa namba. Angeweza kumwomba mkwewe atoke kidogo. Neno hilo lilimfikia hadi kwenye meno. Lakini aliona kwamba mtu anayetolewa nje hurudi na maswali, na maswali hayo yangemkaa maisha yake yote.

"Nakunywa mvinyo," alisema. "Tangu wiki niliyoanza vidonge."

"Kiasi gani?" daktari aliuliza, sauti ileile.

"Kikombe kimoja jioni."

"Kikombe gani, Mama?"

Hilo hakulitegemea.

"Kilianza cha dawa ya kikohozi. Sasa ni cha chai. Na mliposimamisha vidonge, vikawa viwili. Nimeacha siku nne zilizopita."

Daktari aliiweka kalamu chini. Akaikunja fomu ya samawati mara mbili.

"Pombe na vidonge vile vyote mlango wao ni ini," alisema. "Nina wagonjwa wanaomeza dawa hiyohiyo na wanakunywa kidogo, siku mojamoja. Wameniambia, nawapima nikijua. Wewe nilikuwa nakupima nimefungwa macho. Nilikaribia kukutoboa kwa jambo ambalo huenda lilikuwa na jibu kwenye kabati lako. Na nani alikwambia mvinyo unasaidia?"

"Mtu mzima wa afya."

Daktari karibu atabasamu. "Hakutunga yote. Wagonjwa wa viungo waliulizwa, na wanaokunywa kwa kiasi wengi walisema maumivu yao ni madogo. Hilo lipo, silifichi. Ila hakuna awezaye kuapa kama pombe ndiyo iliyowapa nafuu, au..."

"Au nafuu ndiyo iliyowaruhusu kunywa," Mama Jalada alimalizia. "Hilo nimelifikia mwenyewe, Daktari. Nimechelewa tu."

"Wiki nne bila tone. Kisha damu tena. Ini likishuka, tunarudi na dozi nusu. Lisiposhuka, sindano iko palepale. Sikuahidi kitu."

Mkwewe alingoja mpaka walipofika ukumbini, karibu na dirisha la dawa. Machozi yalikuwa yamekauka, na uso ulikuwa mgumu kwa namna ambayo Mama Jalada hakuwahi kuiona kwa miaka saba ya kuishi naye.

"Makreti sita, Mama."

"Sita."

"Baba alilia ndani ya gari. Ulijua?"

"Sikujua."

"Mama yangu ndiye aliyeendesha kurudi. Na mimi nimekaa kwako miaka saba nikisema, labda alikuwa na haki, labda kwao ni watu wa juu kuliko sisi. Nikajifunza hata kucheka unavyocheka wewe. Nikawa nakujibia kwa majigambo, mbele ya manesi!"

Watu wawili kwenye foleni waligeuka. Zamani Mama Jalada angemvuta mkono amnyamazishe. Sasa mkono wenyewe haukuvutika.

"Nilikukosea," alisema. "Nilimkosea yeye zaidi."

"Hilo mimi siwezi kulipokea kwa niaba yake."

"Sikuombi ulipokee. Jumapili nitakwenda kwake. Mimi kwake, si yeye kwangu. Na mume wako nitamwambia leo, kabla ya chakula, wala usinitangulie."

Mkwewe alimtazama kama mtu anayekagua noti iliyochanika. Kisha akapumua.

"Najua Baba atauliza nini. Atauliza ni mvinyo gani, na kama ulikuwa mtamu."

Mama Jalada alitaka kukasirika, akashindwa.

"Mchungu kama siki," alisema. "Miezi sita nimekunywa siki kwa siri."

Wiki nne zile zilikuwa ndefu kuliko eda. Jioni haikuwa na kazi. Alikaa juu ya mikono yake, na mikono ilimjibu kwa maumivu. Mwanawe alisikia habari ile, akatoka nje, akarudi baada ya nusu saa, akauliza tu kama amekula. Dereva wa malori alimkaribisha kitini, akamsikiliza hadi mwisho, akasema atafikiri. Hakusema amesamehe. Mama Jalada hakuwa na haki ya kumharakisha.

Damu ilitoka na tarakimu iliyoshuka, ingawa si hadi pale daktari alipotaka. Alirudishiwa vidonge nusu, na akaambiwa tena lile alilolijua: wiki nane, labda kumi na mbili. Muhula mpya ulikuwa wiki tatu mbele. Vitabu ishirini na moja vilikuwa bado vimefungwa kamba, na katika miaka thelathini na miwili hajawahi kuchelewesha hata kimoja.

Alimwita mkwewe mezani, kwa kuwa kalamu haikushikika vizuri.

"Mwandikie mkutubi. Anza na heshima zote."

Mkwewe aliandika. "Nimeweka, 'Nasikitika kukuarifu kwamba vitabu ishirini na moja vitachelewa miezi mitatu.' Wanaweza kukunyang'anya kazi, Mama."

"Wanaweza. Ongeza kwamba kitabu cha thelathini na tisa kina kurasa kumi na sita nilizozipindua mimi, na nitakishona upya bila malipo."

"Kosa hilo hata wasingeliona."

"Andika."

Mkwewe aliandika. Kisha akainua kalamu. "Na sababu ya kuchelewa tuseme nini?"

Mama Jalada alifikiri. Aliunyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kidevu kilirudi mahali pake.

"Ugonjwa wa viungo," alisema. "Mengine si ya maktaba."

Akachukua kalamu kwa mikono miwili, akatia sahihi.